Timu iliyozaliwa shuleni

Siku ya mchezo Kamalondo hujaa jezi nyeusi na nyeupe, na watoto hutuvuta mkono waende kuona kabumbu. Tuwaambie kwamba TP Mazembe ilizaliwa shuleni. Mwaka 1939, mji ukiitwa Élisabethville, watawa Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface waliwaundia wanafunzi wao timu, wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikawa Englebert, jina la kampuni la matairi. Mwaka 1967 na 1968 ikachukua kombe la klabu bingwa Afrika. Mwaka 2024 mabinti wa Mazembe nao walilichukua la kwao, kule Moroko.

Hayo yameandikwa. Lakini basketi na mbio za wasichana wa lise na wa Chuo Kikuu zimebaki vichwani mwa mama zetu, na katika picha zilizofungiwa sandukuni. Mama akiondoka, zinaondoka naye.

Juma hili kaa naye, mtoe zile picha. Nyuma ya kila moja andika kwa kalamu ya risasi: jina, shule, mwaka. Wajukuu wasome kwamba nkambo naye alikimbia.