Wazigua wa Chogo

Ukitoka Kerenge ukapita Korogwe mjini na kuingia Handeni, mkoani Tanga, unaweza kufika Chogo. Hapo wamekulia watoto waliokimbizwa na vita vya Somalia. Kila ninaposikia msaada ukihesabiwa kwa magunia, nawakumbuka.

Rais wa Somalia, Siad Barre, alipoangushwa Januari 1991, wenye bunduki waliingia bonde la mto Juba wakapora mavuno. Wakulima wa huko hawakuwa na ukoo wa kuwapigania. Wengi walikuwa Wazigua, vitukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu karne ya 19. Baadhi walikimbilia Kenya, wengine wakapanda vyombo vya baharini hadi Tanga. Walihifadhiwa kwanza Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamia Chogo.

Bibi mmoja wa huko alinisimulia huku akipukuchua mahindi, mjukuu akiokota punje zilizoruka nje ya ungo. Kizigua chake kilikuwa cha kale kuliko changu. Alisema walipofika walipewa unga, maharage na mafuta, na anashukuru mpaka leo, maana watoto walikuwa wamekonda. Ila alipoanza kuzungumzia shamba, sauti ilibadilika. Alinionyesha mpaka wake kwa kidole, mti hadi mti.

Serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, hawakuishia kwenye mgao. Watu walipata ardhi, watoto wakapata shule, na baadaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Mimi naona huo ndio msaada uliokamilika. Sidharau uji: aliyetoka kwenye risasi jana humpi jembe leo. Lakini uji ni wa kuanzia.

Kule Kigoma hali ni tofauti. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Aliyezaliwa humo mwaka ule ni mtu mzima sasa, huenda naye ana watoto, na bado hatoki kambini bila kibali. Wafadhili wakipunguza fedha, kibaba chake kinapungua, wala hana shamba la kuzibia pengo. Inaniuma, kwa sababu nguvu ya kulima anayo.

Najua wakimbizi wa Kigoma ni wengi mno kuliko wa Chogo, na ardhi si ya kugawa ovyo. Hata hivyo, wakubwa wakikutana kujadili Nyarugusu, nawaomba wawaite wazee wa Chogo wakae nao, wawasikilize.