Nyumba Yenye Ufa

Tetemeko la nchi lililopiga upande wa Kagera Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya. Lakini mimi nataka kunena habari ya mvua iliyofuata.

Kwetu Shinyanga na Geita mvua huombwa. Bukoba hupata karibu milimita 2000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Shinyanga, na vuli ilikuwa mlangoni. Basi watu wa mtaa wetu wakachanga mablanketi, maturubali, misumari na unga (unga wa mahindi kwa watu wa ndizi! lakini waliupokea kwa shukrani). Tukasafiri watu wanne kwa lori, tukapita Biharamulo na Muleba.

Huko Missenyi nalimkuta bibi mjane akilala mgombani na wajukuu wawili, chini ya kitenge kilichofungwa juu ya vijiti. Mtoto mdogo alikohoa usiku kucha. Nyumba yao ya matofali ya udongo ilisimama bado, ila ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa wa kupitisha kiganja. Nikamwambia, "Bibi, ingieni ndani, Mungu atawalinda. Baridi hii itamwua mtoto."

Akanijibu, "Mwalimu, tangulia wewe."

Nalichukizwa, nikadhani amepungukiwa na imani. Pamoja nasi alikuwapo kijana mchimba dhahabu. Akatia vidole katika ufa, akatazama juu, akatoka upesi. "Mwalimu," akasema, "shimoni, chini ya ukuta wa namna hii hatukai hata kula. Ukilowa, utakwenda."

Akakata miti, tukasimamisha kibanda mbali na nyumba, kupita urefu wa ukuta. Tukavuta turubali kwa mteremko, tukachimba mfereji kukizunguka, tukatandika majani makavu ya migomba, mengi, chini ya mikeka. Kwa maana baridi ya ardhi hupenya kuliko ya hewa. Hilo la majani alitufundisha bibi mwenyewe.

Usiku wa tatu mvua ikanyesha tangu jioni. Karibu na alfajiri tukasikia kishindo. Ukuta ulikuwa umelala juu ya kitanda nilichotaka walalie. Watoto hawakuamka.

Kulipokucha nikaenda kumwomba bibi radhi. Akanipa ndizi ya kuchoma, akauliza kama misumari iliyobaki yatosha kupigilia mabati yake ya zamani. Tukaihesabu pamoja. Haikutosha.