Filamu ya Kutisha ni ya Nani?

Wengi hudhani kwamba filamu ya kutisha hupimwa kwa damu. Ikimwagika ndoo nzima, ni ya watu wazima. Likidondoka tone moja, hata watoto na waje. Ingekuwa hivyo, bodi za filamu zingefanya kazi kama muuza maziwa na kibaba chake.

Tuitazame Marekani. Huko filamu zilianza kupewa madaraja mwaka 1968, na hadi 1984 hapakuwa na kitu kati ya PG, ambayo mtoto huweza kuingia peke yake, na R, ambayo aliye chini ya miaka 17 haioni bila mzazi au mlezi. Mwaka huo zikatoka Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, zote za PG, na wazazi wakalalamika kwamba watoto wametishwa mno. Steven Spielberg, aliyekuwa na mkono katika zote mbili, ndiye aliyependekeza daraja la katikati. Mwezi Julai ikazaliwa PG-13.

Watayarishaji wengi wakaitamani, maana vijana ndio wanaojaza majumba ya sinema. The Ring ya mwaka 2002 iliipata. James Wan naye aliitaka kwa filamu yake The Conjuring ya mwaka 2013: hakuweka uchi, na damu aliipunguza sana. Ikapewa R! Watengenezaji walieleza kwamba hapakuwa na kipande cha kukata. Filamu yenyewe ilitisha tu, mwanzo hadi mwisho.

Kisa hicho nilimsimulia mpwa wangu hapa Mombasa, aliponiletea mswada wa filamu yake kuhusu jini katika nyumba ya Mji wa Kale. Yeye na wenzake wawili walikuwa wameuza pikipiki yao ili wapate mtaji, kwa hiyo halikuwa jambo la mzaha. Nikamwuliza filamu ni ya nani.

"Ya kila mtu, Mjomba."

Kila mtu! Mtoto wa miaka saba huogopa kupotezana na mama yake sokoni. Mtu mzima huogopa simu inayolia saa tisa za usiku. Kijana huogopa yote mawili, na juu ya hayo huogopa kuonekana anaogopa, ndiyo maana hulipia kiingilio na kuja na wenzake. Sikuona jinsi jini mmoja angewatosha wote hao.

Mswada ulikuwa na mandhari ya mtoto mchanga kuchinjwa. Hiyo peke yake ingempeleka kwenye 18, na wateja aliowategemea, wanafunzi wa sekondari, wangebaki nje. Mahali pengine kulikuwa na msichana anayehesabu ndala mlangoni kila asubuhi: nyumba ina watu watano, ndala ni jozi sita. Hapo hapana damu hata kidogo, na mimi, mzee mzima, nilifunga mswada nikaenda kutazama mlango wangu.

Akaifuta ile ya mtoto. Akataka sasa aombe PG, nami nikamkatalia. Zile ndala zingemnyima usingizi mtoto wa darasa la pili kwa mwezi mzima. Kwa maoni yangu haki yake ilikuwa 16.

Akacheka. "Mjomba, nani atawazuia mlangoni?"

Alisema kweli. Sheria ya Kenya inataka filamu ipite kwenye bodi na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa, lakini mwenye kibanda cha video huuliza sarafu, haulizi umri. Simu nayo haina bawabu. Basi tukazungumzia bango. Alikuwa amechora mwanasesere mwenye macho mekundu. Mtoto gani angepita bila kusimama? Amemwondoa. Sasa pana mlango uliofungwa, giza, na jozi sita za ndala, na tarakimu 16 kubwa kuliko jina la filamu. Wenzake wanalalamika kwamba bango limepoa. Wiki ijayo wanaanza kupiga picha.