Soja Ndani ya Nyumba

Kwa wiki tatu mdogo wangu alisema kichwa kinamuuma, na kwa wiki tatu nilimwambia anywe maji.

Sikuwa na roho mbaya. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja Umoja, yeye akitafuta kazi, mimi nikirudi usiku nimechoka. Na Nairobi hii, nani haumwi kichwa? Alipimwa malaria kwenye kliniki ya mtaani, hakuna kitu. Akapewa dawa za maumivu. Halafu asubuhi moja akaniita kwa jina la marehemu baba yetu, na nilipojaribu kumwinua, shingo yake ilikuwa imekauka kama ubao.

Hospitalini daktari alisema anashuku homa ya uti wa mgongo. Ilibidi achote maji kidogo mgongoni yapelekwe maabara. Mama, aliyekuwa ameshuka tu kwenye matatu ya usiku kutoka nyumbani, akakataa katakata.

"Mtoto wa jirani walimdunga mgongo, hakurudi."

Daktari hakubishana. Alimweleza kwamba wengi hufika wakiwa tayari wamelemewa, ndiyo maana sindano hubeba lawama ya ugonjwa. Mama akanyamaza, macho sakafuni. Mimi nikatia sahihi.

Majibu yakaja: TB, ila si ya mapafu. Bakteria walikuwa wameingia kwenye utando unaofunika ubongo. Akaanzishiwa dawa nne za TB, na pamoja nazo deksamethasoni. Hiyo ya tano ndiyo iliyomshtua Mama, aliposikia kwamba inatuliza kinga ya mwili.

"Sasa daktari, mwizi yuko ndani ya nyumba na wewe unamfunga soja mikono?"

"Mwizi tunamshughulikia na hizi nne, Mama. Lakini soja naye anarusha vitoa machozi kwenye chumba ambacho mtoto amelala."

Usiku ule nilikaa kwenye benchi la koridoni nikisoma kwa simu hadi chaji ikaisha. Kumbe ubongo kweli una soja wake. Wanaitwa mikroglia, jina walilopewa na mtafiti Mhispania, Pío del Río Hortega, mwaka 1919. Siku za kawaida hunyoosha vijimkono vyao huku na huku wakikagua mtaa. Wanakula mabaki ya seli zilizokufa, na hata hutoa kemikali zinazosaidia seli za neva kuendelea kuishi. Mdudu akiingia, wanapiga kamsa na seli nyingine za kinga zinakuja mbio kupitia damu. Bila kamsa hiyo, mdudu angejitawalia.

Shida ni kamsa isiyozimwa. Kemikali zilezile zinazomchoma mdudu huanza kuchoma seli za neva. Kwa TB ya ubongo kuna zaidi: ute mzito hujikusanya chini ya ubongo na kuziba njia ya maji yake. Presha inapanda, kwa sababu fuvu ni mfupa, halina pa kupanuka. Mishipa ya damu inayopita hapo huvimba na kubanwa, na seli zinazoitegemea hufa kwa kukosa oksijeni. Ngozi ikichubuka hupona. Seli ya neva ikifa, kwa kawaida hakuna nyingine inayokuja kushika nafasi yake.

Nilisoma pia utafiti uliochapishwa 2004, uliofanyiwa watu 545 kule Vietnam. Waliopewa deksamethasoni pamoja na dawa za TB, takriban 32 kati ya kila 100 walifariki ndani ya miezi tisa. Wasiopewa, 41. Nilirudia hizo namba mara nyingi. Tofauti ya watu tisa, na mimi nikitaka mmoja tu. Halafu nikafika kwenye sehemu iliyonikata maini: dawa iliokoa maisha, lakini haikuonekana kupunguza ulemavu mkubwa kwa waliopona. Kutuliza soja husaidia, ila hakurudishi kilichoharibika kabla hujafika. Wiki tatu.

Alipona. Deksamethasoni ilipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, dawa za TB zikaendelea mwaka mzima. Mkono wa kushoto bado una uzito, kikombe humponyoka. Anakumbuka mabao ya mechi za zamani, lakini ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja. Mama hasemi kitu, anamwandikia kwenye karatasi.

Kuhusu zile wiki tatu hakumbuki chochote. Kwa miezi mingi hiyo ilinifaa. Aliyekuwa na haki ya kunilaumu alikuwa amesahau kesi yenyewe, na mimi nikabaki kimya nikijifanya mlezi mwema, nikihesabu vidonge vyake kila asubuhi.

Jumapili moja tukiosha vyombo akaniuliza, "Buda, kwani hii kitu ilianza aje? Sikuwa nimekuambia naumwa?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna seli iliyobaki ya kunishtaki.

"Uliniambia. Wiki tatu. Nikakuambia unywe maji."

Akatulia, sufuria ikiwa kwenye ule mkono wake mzuri. Akanitazama kwa muda.

"Na nilikunywa?"

"Ulikunywa."

"Basi," akasema, akanipa sufuria niisuuze.