Sheria Isiyo na Askari

Karani mmoja kijana alirudi kwao Kinondo, kusini ya Diani, kwa likizo, naye amekusudia kujenga nyumba. Boriti zilikuwa ghali madukani. Bali karibu na kiwanja chake ulikuwapo msitu wa Kaya Kinondo, wa hekta zipatazo 30, wenye miti mirefu iliyonyoka. Akaona miti mitano haitapunguza kitu. Hata hivyo, kwa adabu, alikwenda kwanza kwa mzee wa kaya.

Mzee hakumkasirikia. Alimfunga kaniki kiunoni, kama ilivyo desturi ya kila aingiaye, akamwongoza ndani. Njiani palikuwa na gogo limeanguka, linaoza.

“Babu, hata hili halifai kuwa kuni?”

“Mjukuu wangu, hilo linawalisha wenzake. Humu hatutoki na hata kijiti. Wewe wataka miti mitano; na jirani yako je? Nyumba zote za Kinondo zikitaka mitano mitano, patabaki nini? Umesoma hesabu, nipigie hiyo.”

Kijana akanyamaza.

Wamijikenda walianza kujenga vijiji vyao ndani ya kaya katika karne ya 16, msitu ukiwa ndio boma lao. Baadaye walihamia mashambani, na kufikia miaka ya 1940 vijiji hivyo vilikuwa vimeachwa. Lakini makaburi na miiko ilibaki chini ya wazee. Mkosaji hutozwa mbuzi au kuku, na aibu yake hujulikana kwa kila mtu. Mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuziandika kaya kuwa urithi wa taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaitia Kinondo pamoja na nyingine katika Urithi wa Dunia. Ila karatasi hizo zilikuta miti imekwisha kutunzwa. Nje ya mipaka ya kaya, pwani ya Diani, sehemu kubwa ya msitu ilikwisha kukatwa kwa ajili ya viwanja na hoteli.

Karani alinunua boriti chache, akajenga nyumba ndogo kuliko aliyoiwaza. Kisha akapanda mivinje mpakani mwa shamba lake, ili wanawe wapate boriti pasipo kuugusa msitu. Askari wa misitu hawezi kuwa kila mahali. Bali jirani yupo daima, na sheria aipendayo jirani haihitaji bunduki.