Moyo Ulioshonwa Utotoni Bado Una Kliniki

Kwetu Tanzania, mtoto akirudi salama kutoka kwenye upasuaji wa moyo, ukoo mzima husema amepona, na kadi ya kliniki hupotelea kabatini. Hapa London, nilikohamia na kovu langu kifuani, hakuna aliyeniambia nimepona. Naitwa kila mwaka, niwe naumwa au sina hata kikohozi.

Kasoro yangu ya moyo, ya kuzaliwa nayo, ni tetralojia ya Fallot. Kwenye upasuaji, daktari huziba tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo na kupanua njia ya damu iendayo mapafuni. Mtoto aliyekuwa na midomo ya bluu huanza kukimbia. Lakini umeme wa moyo haupiti kwenye kovu wala kwenye kiraka. Huzunguka pembeni, na miaka mingi baadaye unaweza kunasa kwenye mzunguko huo. Vali ya njia hiyo ya mapafuni ikivuja na chumba cha chini cha upande wa kulia kikatanuka, hatari huongezeka. Mtu mzima anasikia moyo ukienda mbio ghafla, anaona kizunguzungu, pengine anaanguka.

Nikianguka hapa, faili langu linajulikana. Mapigo yakigoma kutulia, watanishtua kwa umeme nikiwa nimepewa dawa ya usingizi. Baadaye watapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, watafute njia ile mbovu na kuiunguza. Aliye hatarini zaidi huwekewa kifaa chini ya ngozi kinachoushtua moyo chenyewe. Foleni, msiniulize: miadi isiyo ya dharura huku inazeesha.

Nyumbani mabingwa wapo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 pale Muhimbili, inapasua watoto na kuwawekea watu betri za moyo. Ila aliyepasuliwa India akiwa mdogo, leo anaendesha bodaboda Mwanza, akilalamika moyo unadunda ataambiwa ni presha au mawazo, kwa sababu hakuna karatasi inayosema alishonwa wapi. Kwa maoni yangu, pengo letu kubwa liko hapo kuliko kwenye mashine.

Basi wewe uliyepasuliwa utotoni, muulize mama ripoti ya upasuaji iko wapi, ipige picha, kisha nenda ukapimwe umeme wa moyo hata kama hujisikii vibaya. Na ukianguka au moyo ukienda mbio bila kutulia, usisubiri asubuhi.