Kopo Lililosahauliwa Juani

Shemeji yangu, aliye askari, alipopelekwa Somalia kulinda amani mwaka 2018, dada yangu na mwanawe wa miaka minane walihamia kwangu. Mtoto huyo hakuwa na maneno mengi. Faraja yake ilikuwa kopo la maziwa ya unga, ambamo alifuga vidudu wa rangi ya kijivu, wale wajikunjao mviringo kama kidonge wakiguswa, aliowaokota chini ya mawe nyuma ya nyumba.

Asubuhi moja, kwa kuchukia uchafu, nililitoa kopo nje nikaenda zangu ofisini. Jua lilikuwa kali. Niliporudi jioni, walisalia watatu tu. Mtoto hakulia. Aliniuliza, "Mjomba, huko aliko Baba nako kuna jua kali?"

Swali lile lilininyima usingizi. Kesho yake nilileta udongo wenye unyevu, majani ya mwembe yaliyooza na maganda ya yai yaliyopondwa, tukawalea pamoja wale watatu. Hapo ndipo mimi, niliyesomea ualimu, nilipogeuka mwanafunzi. Viumbe hawa si wadudu, bali ni jamaa ya kaa na kamba walioizoea nchi kavu. Wana miguu 14, nao hupumua kwa viungo mfano wa matamvua. Ndiyo maana ukavu huwaua. Hawaumi mtu. Hula vilivyooza na kuvirudisha udongoni. Ngozi hawaivui yote kwa mara moja: huanza nusu ya nyuma, kisha nusu ya mbele.

Mmoja wao alikuwa mama. Hatagi mayai ardhini, bali huyabeba katika mfuko wenye majimaji chini ya kifua chake. Baada ya majuma kadhaa walitoka watoto weupe, wadogo kama punje za chumvi. Kwa kioo cha kukuzia tulihesabu miguu yao: 12 tu, kwani jozi ya mwisho huota baadaye.

Usiku huo shemeji alipiga simu. Mtoto aliyekuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu aliongea hadi salio la baba yake likaisha.

Wazazi wenzangu, tusitupe kopo la mtoto kabla ya kumwuliza ameweka nini ndani yake. Mimi nilichelewa kuuliza, na deni hilo ningali nalilipa.